Saundiba ya Mzee Likwata

Vijana wangu, hasa ninyi mliopanga meza zenu pale stendi ya Masasi na kuwasha taa za rangi mchana kweupe, leo nina neno na ninyi. Vuteni viti. Sitawaweka sana, ingawa mke wangu akinisikia nasema hivyo atacheka mpaka akae chini.

Nimekuwa fundi wa redio na TV tangu nilipoanza kuota ndevu, kwanza Masasi, baadaye Newala mjini, mpaka macho yalipogoma kuona vile vidude vidogo vya kwenye bodi. Nikafunga kibanda. Lakini fundi hastaafu, jamani! Zamani watu walikuja kibandani, siku hizi wananifuata nyumbani nikiwa na tonge mkononi. "Baba Mwanaidi, samahani sana, TV yetu inaonyesha watu wa bluu." Sawa, na hao watu wa bluu wanisubiri ninawe.

Msinielewe vibaya, nawapenda. Mna mikono myepesi kuliko sisi. Mnabadilisha kioo cha simu huku mnaongea na wachumba. Kinachonikera ni haraka yenu ya kusema "mbovu". Mtu analeta kitu chake, hata salamu hajamaliza, mmeshamwambia kimekufa, anunue kingine. Neno hilo nimeona lilivyofanya kazi katika nyumba moja ya Kitangari, na mpaka leo linaniuma. Nitafika huko. Kwanza niwape mengine, maana nikianza na hilo nitashindwa kuendelea.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Akwilini, mtu wa Masasi, mfupi, mwenye kikohozi na maneno machache. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha sana nikiwa mgeni kazini. Ukimletea redio hakuigusa. Alikuketisha, akakuuliza umeiweka wapi nyumbani, nani anaifungua, inaanza kukata wakati gani. Mimi nimeshashika bisibisi, roho juu juu, yeye anapiga soga.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Mkunya na redio kichwani. Akasema, "Fundi, hii redio ina choyo. Tukiwa wenyewe inaimba, wakija wageni inanyamaza." Mimi nikacheka hadharani. Fundi Akwilini hakucheka. Akamuuliza, "Wageni wako unawakalisha wapi, mama?" Akasema kwenye benchi, ukutani. "Na waya wa redio unapita wapi?" Mama akafikiri. Unapita nyuma ya benchi. Basi wageni wakikaa, benchi linabana waya, redio inakata. Akamwambia, "Nenda ukasogeze benchi," akampa redio yake vile vile ilivyokuja. Yule mama aliondoka amenuna kidogo. Alitaka walau afunguliwe skrubu moja aone kazi imefanyika.

Ndiyo maana nawaambia ulizeni. Kifaa hakijileti chenyewe mezani kwako, kuna nyumba kimetoka, na humo ndani kuna watu na mambo yao.

Na watu wa kwetu nawajua. Msimu wa korosho ukifika, pesa ikiingia, vitu vinapanda huku juu Newala kwa mabasi: magodoro, baiskeli, sabufa, TV. Kibanda changu kilijaa watu ambao kitu chao hakijaharibika, wamekuja tu niwawashie. Sasa kuna desturi yetu moja ambayo mgeni haielewi. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Kochi litakaa na nailoni yake mpaka ikatike yenyewe, ukiketi linalia chwa, ukiinuka suruali imeganda. Rimoti inakaa kwenye kifuko chake mpaka herufi hazionekani. Juu ya TV kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Nailoni ikitoka, kitu kimeshazeeka.

Hata wageni tukiwakaribisha tunawaambukiza. Palikuwa na mwalimu mmoja kutoka Bukoba, alipangishwa nyumba karibu na kibanda changu. Akaniita, TV yake mpya ina ukungu. Nikaenda. Jamani, lile karatasi laini la kiwandani lilikuwa bado kwenye kioo! Nikashika pembe nikalivuta, fyaa, picha ikang'aa. Mwalimu badala ya kunishukuru akashika kichwa. "Fundi, umenizeeshea TV!" Alinisema wiki nzima. Nilicheka sana siku hizo. Sasa sicheki sana.

Haya, tuje kwenye kazi. Zile TV za zamani zenye mgongo zilikuwa na spika za maana. Hizi bapa, spika zake ni nyembamba na zimetazama chini au ukutani, unasikia kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Ndiyo maana watu wananunua saundiba, kile kirefu kama rula kinacholala chini ya TV. Na mnakosea palepale kila siku. Mnachukua waya wa HDMI, mnachomeka kwenye saundiba, mnachomeka kwenye TV, kimya. Mnasema mbovu.

Sikilizeni. Kwenye TV nyingi za bei ya kwetu, tundu la HDMI ni la kuingilia tu. Picha na sauti vinaingia kutoka kwenye king'amuzi, basi, havitoki tena kwa mlango huo. Ili sauti irudi nje kwa waya uleule, TV lazima iwe na tundu lililoandikwa ARC. Pindeni mgongo mkasome. Kama hizo herufi hazipo, usilazimishe, utakesha. Tafuta njia nyingine ya kutokea. Kuna TV zina tundu la hedifoni. Kuna zenye matundu mekundu na meupe. Na nyingi zina kitundu cha pembe nne chenye kimlango, ukikisukuma ndani unaona mwanga mwekundu. Hicho ni cha waya wa mwanga, ule mwembamba ambao mnautupa pamoja na boksi kwa sababu hamjui kazi yake.

Waya huo una kipimo chake rahisi. Chomeka upande mmoja kwenye TV, upande wa pili utazame. Ukiona nukta nyekundu, sauti iko njiani. Chomeka kwenye saundiba mpaka ulie "ta". Kisha ingia kwenye menyu ya TV, upande wa sauti, uchague itoke nje, na ukikuta neno PCM chagua hilo, maana saundiba nyingi hazielewi lugha nyingine. Mwisho bonyeza rimoti ya saundiba mpaka isikilize tundu hilo na si Bluetooth. Mambo ni hayo tu. Mtoto wa darasa la nne anaweza.

Sasa Kitangari.

Mzee Likwata alikuwa mteja wangu tangu enzi za redio za betri. Mtu wa korosho, mrefu, mcheshi, asiyejua kuongea polepole. Miaka na miaka alibeba ile mashine ya kupulizia salfa mgongoni, kwenye mikorosho yake na ya watu wengine, ili binti yake Rehema asome. Mashine ile inangurumia kisogoni kabisa. Hakuna aliyetuambia tuzibe masikio, sisi tulifunga kitambaa mdomoni tu kwa ajili ya vumbi la dawa. Masikio ya Mzee Likwata yakaanza kuondoka kidogo kidogo.

Rehema akasoma, akapata kazi Dar, kwenye kituo cha televisheni. Akawa anaendesha kipindi cha wakulima, kila Jumapili alasiri. Chaneli yenyewe ilikuwa ya kulipia, na yeye ndiye aliyekuwa akiwalipia wazazi wake kifurushi. Kijijini pale hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Jumapili Mzee Likwata alioga, akavaa kanzu, akaketi mbele ya TV kama anayesubiri kuitwa ofisini. Alikuwa akifungulia sauti mpaka mwisho ili amsikie binti yake, na spika zile nyembamba zikakoroma, zikachanika, zikanyamaza. Akabaki anamtazama Rehema akifungua na kufunga mdomo.

Rehema alipoambiwa kwamba TV imepoteza sauti, hakuchelewa. Alinunua saundiba nzuri, ya gharama, akaituma kwa basi. Mzee alimwambia mkewe maneno ambayo Mama Rehema amenisimulia mara nyingi: "Sasa nitamsikia mwenyewe, kabla hayajafunga." Masikio, maana yake. Alikuwa anajua yanafunga. Alichotaka ni hicho tu, kumsikia mtoto wake akiwa kazini, kwa masikio yake, si kusimuliwa na mtu.

Wakati huo, nasema wakati boksi linafika, bado alikuwa anasikia. Ukiinua sauti mnaongea. Adhana ya msikitini aliisikia akiwa kibarazani. Hilo ndilo linaloniuma.

Boksi likawekwa juu ya kabati. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa zawadi ya Rehema, na waliona si adabu kulifungua mwenyewe hayupo. Aje alifungue kwa mkono wake, watu waone, majirani waitwe. Na mtoto alisema anakuja. Kazi ikambana, hakuja. Msimu ukaisha. Boksi liko juu na nailoni yake.

Uvumilivu ukamwishia mzee. Jumapili moja akamwita Shaibu, mpwa wake, mtu mzima, dereva wa bodaboda, na wala si mjinga. Shaibu akalishusha boksi, akachomeka HDMI. Kimya. TV ile haina ARC, angechomeka mpaka Kiyama. Akaona na ule waya mwembamba, akaujaribu nao. Kimya vilevile. Akampigia simu fundi mmoja, kijana wenu, simtaji. Kijana hakuuliza TV ni ya aina gani, hakuuliza umechomeka wapi. Akasema, "Kaka, hiyo mbovu. Bandia hizo, zimejaa."

Neno likatua ndani ya nyumba ile. Mbovu. Bandia. Mtoto amejinyima, ametapeliwa mjini. Mama Rehema akasema hapohapo, "Asiambiwe. Mkimwambia mtamvunja moyo." Na mimi ningekuwa pale ningeelewa, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu amekupa kitu, huanzi kumhesabia kasoro zake. Rehema alipopiga simu kuuliza kama inalia, mama yake akamjibu, "Inalia, mwanangu! Nyumba nzima inatetemeka!"

Saundiba ikalazwa chini ya TV, ikavishwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua. Mzee akarudi kutazama mdomo.

Nisiwafiche, kuna sehemu ya kuchekesha. Idi ilipofika Rehema akaja kweli. Taharuki! Mama Rehema akamwambia Shaibu ashushe swichi kubwa, waseme umeme umekatika. Mtoto wa watu akakaa gizani Idi nzima. Jirani taa zinawaka, anauliza, anaambiwa, "Ni laini yetu sisi tu, mwanangu, nguzo ina matatizo." Alitaka kupiga simu kwa watu wa umeme, Shaibu akamzuia, akasema fundi wao yuko njiani kutoka Newala. Aliondoka amewasha tochi kutafuta viatu. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka machozi, kisha yale machozi yakakataa kukoma.

Kwa nini hawakuniita mimi? Nimemuuliza Mama Rehema. Akasema, "Shemeji, kibandani kwako watu hawaishi. Tungekuletea, habari ingeshuka mpaka Masasi, kesho ingemfikia." Ni kweli. Kijiwe changu kilikuwa na midomo.

Mimi nilifika kwa bahati. Kulikuwa na harusi ya ndugu yangu Kitangari, Jumapili, na baada ya chakula nikasema nipite kumjulia hali Mzee Likwata. Nikamkuta ameketi na kanzu yake mbele ya TV. Nikamshika mkono, akafurahi, akanivuta niketi. Mama Rehema akaleta chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini. Kwenye TV nikamwona Rehema, amependeza, anaongea na mkulima shambani. Hakuna sauti.

Nikasubiri kidogo, nikidhani wamepunguza kwa ajili ya mgeni. Nikamwambia Mama Rehema, "Ongezeni tu sauti, nami nimsikie binti."

Akatazama chini. Shaibu, aliyekuwa mlangoni anafuta pikipiki yake, akaingia ndani kabisa.

"Shemeji," Mama Rehema akasema, "hicho kitu hakijawahi kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu kije."

Akanieleza yote, kwa sauti ya chini, ingawa mumewe asingesikia hata kama angepiga kelele. Nilikuwa sijagundua bado. Nilimwona mzee anatabasamu, anatikisa kichwa, nikadhani ana uzito wa masikio uleule wa siku zote.

Nikamuuliza Shaibu, "Ulichomeka wapi?" Akanionyesha. Nikapiga magoti nyuma ya TV kwa suruali yangu ya harusi. Matundu mawili ya HDMI, hakuna ARC. Tundu la hedifoni lina kichwa cha waya kilichokatikia humo. Na pembeni, kile kitundu cha pembe nne. Nikapata furaha.

"Ule waya mwembamba uko wapi?"

"Huu hapa, mzee. Lakini huu niliujaribu. Hata kuingia ulikuwa mgumu, nikausukuma kwa nguvu mpaka ukashika."

Nikauchomeka kwenye TV. Kweli, uligoma, haukulia "ta". Nikatazama upande wa pili nione nukta nyekundu. Giza. Nikautoa, nikausogeza dirishani, nikauleta karibu na jicho langu bovu. Kwenye ncha ya waya palikuwa na kifuniko cha plastiki, cheupe kama maziwa, kidogo kama punje ya mchele. Upande wa pili, kingine. Vile vya kiwandani, vya kuzuia vumbi.

"Shaibu, hivi hukuvitoa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ndiyo nailoni yake, mzee? Kitu cha dada, kipya, ningekivua mimi?"

Nilivitoa kwa kucha. Vikalala kwenye kiganja changu, viwili, na Mama Rehema akavitazama kwa muda mrefu. "Ni hivyo tu?" akaniuliza. Nikasema ni hivyo, na ile menyu. Akakaa kwenye kochi, nailoni ikalia.

"Fanya haraka, shemeji," akasema. "Kipindi kinakaribia kuisha. Walau amsikie leo, hata maneno mawili."

Nikafanya haraka. Nukta nyekundu ikaonekana. Nikachomeka, "ta" upande huu, "ta" upande ule. Saundiba ikawaka kitaa, kimya. Nikashika rimoti ya TV, ndani ya kifuko chake, vitufe havibonyezeki vizuri, nikakichana kifuko kile bila kuomba ruhusa. Menyu. Sauti. Vidole vinakosea vitufe, jamani, mimi niliyefungua maredio elfu. Mzee amenishika bega, anauliza kwa ile sauti yake kubwa, "Itawezekana, fundi?" Namjibu itawezekana, anatazama mdomo wangu. Kwenye skrini Rehema amerudi studio, anapanga karatasi zake, kile wanachofanya wakitaka kuaga. Nikachagua PCM. Kimya. Rimoti ya saundiba sasa, nabonyeza, Bluetooth, nabonyeza, USB, nabonyeza.

Sauti ikaja yote kwa mara moja. Ilijaa chumba kile mpaka vikombe vikagongana. Sauti ya binti yenyewe, laini, safi, kama ameingia na kuketi kati yetu.

"...na hapo ndipo tunapoishia leo," akasema. Kisha akaacha kutazama karatasi, akatazama mbele, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya nyumbani. "Na kama kila Jumapili: baba yangu kule Kitangari, shikamoo. Najua unanisikia."

Shaibu alikuwa amesimama na kitambaa cha pikipiki mkononi. Mama Rehema akaweka mkono mdomoni. "Kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili! Ndiyo maana tangu nimwambie inalia, kila akipiga ananiuliza kama tumetazama mpaka mwisho."

Mimi nikamgeukia Mzee Likwata nione uso wake. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja, anajaribu kuelewa tumepatwa na nini. Akainama, akaweka kiganja chake juu ya saundiba. Muziki wa kufunga kipindi ulikuwa unapiga kwa nguvu zote. Uso wake ukafunguka. "Inatetemeka!" akasema. "Mama Rehema, inalia! Si inalia?"

Ndipo nilipojua. Nilimtazama mkewe na yeye akatikisa kichwa. "Tangu mvua za mwisho," akaniambia. "Sikio la kulia lilitangulia. Sasa mpaka nimpigie kelele ndani kabisa, na si siku zote." Akaanza kulia waziwazi. "Kilikaa juu ya kabati, shemeji. Alikuwa anasikia."

Mzee akamshika mkono. "Kasema nini? Mwanangu kasema nini?"

Mama Rehema akajifuta uso kwa kanga, akainama, akaweka mdomo wake kwenye sikio lake la kushoto, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Anakuamkia! Rehema anakuamkia!"

Alirudia mara ya pili, na ya tatu. Mzee Likwata akaelewa. Akaweka kofia yake sawa, akanyoosha mgongo, akaigeukia TV. Akajibu kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe akiongea, sauti iliyotoka mpaka barabarani.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Kwenye skrini lilikuwa tangazo la mabati.